Tundu Shingoni mwa Ami Aboud

Kila asubuhi kisiwani Chovai, kabla Mohdhar hajaanza kazi, humwita binti yake.

"Mashavu! Niwashie sigara."

Mashavu huacha ufagio, huichukua sigara na kukimbia nayo jikoni. Huipachika mdomoni, huinamia kaa la moto na kuvuta mpaka ncha inakuwa nyekundu. Zamani moshi ulimkereketa koo na kumtoa machozi. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na alikwisha kuuzoea. Siku nyingine aliivuta mpaka karibu nusu, halafu akamwambia baba yake kwamba upepo umeila.

Mohdhar alikuwa fundi wa kuunda mashua. Alikuwa na mikono mizito na hasira za karibu. Alivuta sigara kutwa, na kila alipoamka alikohoa mpaka akashika ukuta.

Kaka yake mkubwa, Aboud, naye alikuwa mvutaji tangu ujanani. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wataliani wangali wanatawala, na sauti ya Aboud ilipoanza kukwaruza alipelekwa hospitali Kismayu, na kutoka huko Mogadishu. Madaktari walimkuta na saratani kooni. Waliikata sehemu iliyougua, na sauti yake ikaondoka nayo. Alirudi Chovai mzima, lakini hasemi, na alipumua kwa tundu dogo chini ya koo, ambalo alilifunika kwa kitambaa chepesi. Watu wengi walijua tu kwamba amekuwa bubu. Mashavu alilijua lile tundu, kwa sababu alizoea kumpelekea maji Bi Khamisa, mke wa ami yake, na kumwona akilisafisha.

Siku moja Aboud alikuja kumtazama ndugu yake. Alipitia mlango wa jikoni, akamkuta Mashavu amechuchumaa, sigara mdomoni, moshi ukimtoka puani kama mtu mzima.

Kofi lilimpata Mashavu kabla hajainua kichwa. Sigara iliruka. Kofi la pili lilimwangusha juu ya vyungu, mdomo wake ukapasuka. Alipiga ukelele.

Mohdhar aliingia mbio. Alimwona binti yake anavuja damu na kaka yake amesimama juu yake. Hakuuliza neno. Alimpiga Aboud ngumi ya shavu.

"Unampiga mwanangu ndani ya nyumba yangu?"

Aboud alionyesha sigara iliyokuwa chini, kisha akaonyesha shingo yake. Midomo yake ilikwenda lakini hapakutoka sauti. Mohdhar hakutaka kutazama. Ndipo Aboud alipoiokota ile sigara, akamsogezea ndugu yake usoni mpaka moto wake ukamgusa ndevu. Ngumi ya pili ya Mohdhar ikampata Aboud puani.

Walishikana, wakauvunja mlango, wakaangukia nje mchangani. Walibiringishana kama watu wasiozaliwa tumbo moja. Mohdhar alikaa juu ya kaka yake akipiga asione pa kupiga. Majirani wawili, Zubeiri na Fumo, walikuja mbio wakamvuta nyuma kwa mabega.

Aboud alibaki chini. Kitambaa chake kilikuwa kimekatika, na damu ya pua ilikuwa imeteremkia shingoni ikachanganyika na mchanga. Zubeiri aliliona lile tundu jekundu akapigwa na butaa.

"Amemtoboa koo! Mtu huyu atakufa!"

Alivua kilemba chake, akakikunja, akakigandamiza juu ya tundu kwa nguvu zake zote ili kuzuia damu. Aboud alianza kurusha miguu. Macho yalimtoka. Alimkwaruza Zubeiri mikono, na Zubeiri akazidi kugandamiza.

"Tulia, ndugu yangu, tulia! Damu itakwisha!"

"Mwachie!" Mashavu alipiga kelele. "Hapo ndipo anapopumulia!"

Hakuna aliyemsikia. Midomo ya ami yake ilikuwa ikigeuka rangi. Mashavu alijitupa juu ya mkono wa Zubeiri akauuma kwa meno yote. Zubeiri alinguruma kwa maumivu, akamsukumia mbali kwa kiwiko, lakini mkono ulikuwa umekwisha kuondoka. Mashavu alirudi kwa magoti, akaufuta mchanga tunduni kwa ncha ya leso yake.

"Mkalisheni! Mwinamisheni mbele!"

Fumo alimwinua. Aboud alitetemeka mwili mzima, kisha kikohozi kikamtoka shingoni pamoja na damu na mchanga. Baada yake pumzi ikaingia kwa mluzi mwembamba. Ilitoka, ikaingia tena.

Mohdhar alikuwa amepiga magoti, ngumi zake zimejaa damu ya kaka yake.

Kesho yake alikwenda kwa Aboud pamoja na mkewe Mwanasiti na Mashavu. Alimkuta ameketi kitandani, uso umevimba. Mohdhar aliuinamia mkono wake akaubusu.

"Nisamehe, kaka. Nilikaribia kukuua."

Aboud aliushika mkono wa mdogo wake, akauweka mbele ya tundu. Mohdhar aliisikia pumzi yenye joto ikimgonga kiganjani. Alianza kulia.

"Anataka ujue yaliyomfikisha hapa," alisema Bi Khamisa. "Daktari alitueleza, shemeji. Moshi wa tumbaku hupita mdomoni, kooni na mapafuni, na kila unapopita hujeruhi. Mwaka baada ya mwaka, nyama ile iliyojeruhiwa yaweza kugeuka saratani. Si kila mvutaji huipata, lakini kila sigara huongeza hatari. Na akianza mtoto, moshi unapata miaka mingi zaidi ya kumharibu. Ndiyo sababu mume wangu aliona giza alipomwona Mashavu."

Mashavu aliinamisha macho. "Ami, sitavuta tena," alisema.

"Mimi nimevuta tangu ujana," alisema Mohdhar. "Si nimekwisha kuharibika? Niache kwa faida gani?"

"Hata sisi tuliuliza hivyo. Daktari alisema ukiacha, hatari huanza kupungua. Haiondoki siku moja, wala haiondoki yote, lakini kila mwaka usiovuta unazidi kuwa salama kuliko kama ungeendelea. Kuacha mapema ni bora zaidi, lakini hata aliyechelewa anafaidika."

Mohdhar aliacha siku ile ile. Lakini kuacha hakukuwa rahisi. Usingizi ulimpotea, na hasira zake zikazidi. Alimfukuza kwa matusi Fumo, aliyekuwa msaidizi wake kazini. Alipiga teke chungu cha wali kikavunjika. Asubuhi moja alimkamata Mashavu mkono akauminya.

"Nenda dukani ukaniletee sigara. Moja tu!"

"Siendi, baba."

Mohdhar aliinua mkono. Mwanasiti alitoka jikoni na mchi mikononi, akasimama kati yao.

"Mpige," alisema. "Lakini utanipita mimi kwanza."

Mohdhar alimtazama mkewe, akamtazama binti yake. Aligeuka akaupiga ukuta ngumi mpaka vifundo vikachubuka, kisha akatoka kwenda kwa kaka yake. Aboud alimpa kipande cha tangawizi atafune, akamfunga kitambaa mkono uliochubuka, halafu akamwashiria washike msumeno. Walipasua mbao pamoja mpaka jasho likawatoka na hamu ikapita. Kuanzia hapo, kila hamu ilipomshika, Mohdhar alikwenda kwa kaka yake.

Pole pole hamu zilipungua. Mohdhar alimwomba radhi Fumo akamrudisha kazini. Kikohozi cha asubuhi kilififia, na alipopanda juu ya mashua hakuhema tena.

Mwaka ulipopita, Zubeiri alikuja kiwandani mwa Mohdhar, pale mashua zilipoundwa. Alimwonyesha Mashavu alama ya meno mkononi mwake, wakacheka. Kisha alimnyooshea Mohdhar sigara.

"Mwaka mzima umetimia. Moja haitakudhuru."

Mohdhar aliisukuma nyuma taratibu.

"Yule wa kwanza iliyemdhuru alikuwa kaka yangu," alisema. "Mimi nikampiga kwa sababu alitaka kumwokoa mwanangu. Mashavu, sikiliza. Mimi ndiye niliyekutia sigara mdomoni, na kosa ni langu. Ukikua, watakuja watu wakupe moja tu, wakuambie haina neno. Mtu kama huyo mkatae, hata akiwa ni baba yako."

Kando yake, Aboud aliweka msumeno chini, akatikisa kichwa kukubali, akamshika Mashavu begani.