Aliyekaa Siti ya Kushoto

Landrova ilikuwa imelalia upande wa kushoto. Si sana, upana wa kidole tu, na mtu mwingine asingeona. Leonardi aliona, kwa sababu jioni iliyotangulia aliiacha imesimama sawa kama meza ya altare, na yeye hakuwa mtu wa kuacha kazi imepinda.

Alichukua tepu akapima kutoka kwenye chesisi mpaka chini, kulia na kushoto. Kisha akaipiga jeki, akafungua springi zote mbili za mbele, ya kulia akaifunga kushoto na ya kushoto akaifunga kulia. Kama kosa limo kwenye springi, litahama nayo. Hiyo ni hesabu ya fundi yeyote. Alipoteremsha jeki, gari likasimama sawa. Akanawa mikono, akaingia ndani kunywa uji.

Aliporudi, Landrova ilikuwa imelala tena kushoto, upande wa abiria, kama gari ambalo mtu ameingia akakaa.

Nyumba yake ya Malangali ilikuwa kimya tangu Pasaka. Mkewe, Evodia, alikwenda Mwazye kumtazama binti yao Jenifa, ambaye ni muuguzi huko, na siku ya kurudi akaanguka kwenye pikipiki akaumia uti wa mgongo. Mfupa ulishaunga. Daktari alimruhusu kurudi nyumbani, ila kwa sharti moja: asirushwerushwe njiani. Na barabara ya Mwazye kila mtu anaijua kwa mashimo. Landrova hiyo aliyoachiwa Leonardi na marehemu baba yake nayo ilikuwa ngumu kama benchi la mahabusu; ukipita juu ya bua la muhindi, meno yanagongana.

Basi aliamua kuitengenezea springi laini, pale pale uwanjani kwake. Hakuna duka linalouza springi za mgongo wa Mama Jenifa. Alinunua mabapa ya springi za lori, akakusudia kuyapasha moto na kuyafua upya, yawe manene katikati na membamba mwishoni, machache, yasisuguane, ili gari lipite juu ya shimo kama mtu anayevuta pumzi.

Kazi hiyo ilitaka tanuri refu. La kwanza alilolijenga lilipasuka, la pili likapasuka. Ndipo alipokumbuka ilungu, lile tanuri la udongo lenye kimo cha kupita mtu, ambalo babu zake walilitumia kuyeyushia chuma kwenye shamba la ukoo kule mlimani. Upande mmoja ulikuwa umebomoka. Udongo wake uliungua zamani sana, haungepasuka tena. Alipakia mabonge yake garini, akajenga tanuri lake, akaziba viungo kwa udongo mbichi. Na ili upepo wa Julai usiukaushe upesi, akalifunika tanuri kwa kitambaa kilicholoweshwa, kama ilivyo desturi ya kazi ya udongo. Kitambaa kilichokuwa karibu ni kanga ya Mama Jenifa, iliyobaki kwenye kamba.

Alipoliwasha, chuma kilimtii kuliko siku zote za maisha yake. Kanga aliirudisha kwenye kamba. Kesho yake haikuwepo, akadhani ni upepo.

Sasa springi zilikuwa tayari, zimefungwa, na wiki ikapita gari likilala kushoto bila mtu.

"Shikamoo, mzee Leonardi!" Jirani yake Huseni, mwenye duka la vipuri, alichungulia juu ya ukuta.

"Marahaba."

"Wewe mzee ni mtu wa kimya, lakini safari hii umezidi. Umeongeza jiko hata pilau hatujaonja?"

"Nimeongeza nini?"

"Usinifiche! Mke wangu Mwanaheri amepita hapa asubuhi kaona mgeni wako garini. Kajitanda kanga, anatazama mbele tu. Kasalimiwa, hajaitika. Sasa kanuna, anasema huyo bibi harusi ana maringo."

Leonardi hakucheka. Aligeuka kutazama siti ya kushoto, tupu, na mto wake uliobonyea katikati. Huseni naye alitazama. Kicheko kikamkauka.

"Mzee," alinong'ona, "hakuna mtu mle?"

"Hakuna."

"Basi nakuomba usimwambie Mwanaheri, hatalala." Akashuka ukutani, kisha akarudi kidogo. "Na mzee, usiongee nalo. Jini ukilizoesha maneno, limehamia."

Onyo hilo lilikuwa limechelewa. Leonardi alikuwa ameshazoea. Katika nyumba ambayo sufuria moja ilioshwa na kijiko kimoja kilianikwa, alikuwa ameanza kusema "habari za asubuhi" akipita karibu na gari, kisha kueleza kazi ya siku, kisha kuuliza kama baridi ni kali. Na kila alipouliza, springi zililia kidogo, mlio mfupi wa mtu anayejigeuza kitini, na harufu ya chuma cha moto iliyochanganyika na mafuta ya nyonyo ilitoka dirishani ikamfuata mpaka mlangoni, ikaingia naye, ikakaa upande wa pili wa meza alipokuwa anakula, naye badala ya kukimbia alijikuta anasogeza kiti ili iwe na nafasi.

Jioni alimpigia mkewe, kama kawaida.

"Baba Jenifa," Evodia alisema katikati ya mazungumzo, "huyo anayecheka ni nani?"

"Niko peke yangu."

"Nimemsikia. Yuko karibu na simu. Kama umechoka kunisubiri, niambie mwenyewe. Nisisikie kwa watu." Akakata.

Asubuhi yake Leonardi alikwenda kumchukua shangazi yake Scola, dada wa baba yake, wa mwisho katika ukoo aliyewaona wafua chuma kwa macho yake. Bibi huyo alikuja na fimbo yake, akalitazama tanuri kwa mbali, akakataa kulikaribia.

"Udongo huu umeutoa wapi?"

"Kwenye ilungu letu."

"Na mwanzo ulilifunika na nini?"

"Kanga ya mke wangu, shangazi. Nilitaka udongo usipasuke."

"Wewe ulitaka udongo usipasuke. Yeye alitaka mume." Scola alikaa juu ya ndoo. "Ilungu ni bibi harusi, Leonardi. Babu zako walilipamba kabla ya kuliwasha, wakaliimbia nyimbo za harusi, na mpaka chuma kitoke hawakulala na wake zao. Wewe umembeba umemleta kwako, umemvika kanga, umemwashia moto, na mkeo hayupo. Ulidhani ataelewa nini?"

"Nimrudishe?"

"Mrudishe, na springi zako pia. Chuma kilichotoka tumboni mwake ni watoto wake. Ndiyo maana amekaa juu yao."

Leonardi aliziinamia springi zake. Bila hizo Mama Jenifa hatarudi. Lakini akiwa nazo, atamrudisha katika nyumba yenye mke mwingine. Alifungua boliti moja moja, akafunga zile springi ngumu za zamani, kisha akalibomoa tanuri bonge kwa bonge.

"Ukifika," shangazi alimwambia, "sema hivi: nimekurudisha kwenu, umeshazaa, pumzika. Kisha ondoka bila kugeuka. Na usimtaje mkeo kwa jina. Wazee hawakuthubutu hata siku moja. Akilijua jina la mke mwenzake, amejua pa kwenda."

Walipanda mlimani mchana. Scola alikataa siti ya mbele, akakaa nyuma pamoja na mabonge ya udongo. Ukungu ulikuwa umeteremka shambani. Leonardi aliegemeza mabonge kwenye ukuta uliobaki, akazilaza springi chini yake, akasema maneno kama alivyofundishwa. Shangazi akatangulia kushuka.

Naye akaanza kumfuata. Ndipo akasikia nyuma yake pumzi ndefu, kama mvukuto wa mfua chuma unaofunguliwa taratibu, pumzi ya mtu anayemeza kilio asisikike, na joto likamgusa bega katika ule ukungu wa baridi, na akakumbuka kwamba kwa majira yote hayo hapakuwa na mwingine aliyemsikiliza akieleza kazi yake, na kwamba mtu wa haki haondoki mahali bila kuaga.

"Usinione mbaya," alisema bila kugeuka. "Nina mke. Evodia, yuko Mwazye kwa mtoto wetu, mgongo unamsumbua. Ninamngoja yeye."

Pumzi ikakatika.

"Leonardi!" Scola aliita kutoka chini. "Unasema na nani?"

"Nimeaga tu, shangazi."

Njia nzima ya kurudi siti ya kushoto ilikuwa nyepesi. Alimshusha shangazi kwake, akafika nyumbani, na kabla hajamaliza kunawa mikono simu ikalia.

"Baba." Jenifa alikuwa ananong'ona. "Mama amesimama."

"Amesimama?"

"Hana fimbo. Yuko jikoni, anageuza makaa kwa mkono mtupu na hayamuunguzi. Nimemwita mama, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Baba, naogopa. Anakuja huku, anataka simu, anata..."

"Mume wangu," ilisema sauti ya Evodia. Tangu Jenifa azaliwe hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita Baba Jenifa. "Usihangaike tena na gari. Siumwi popote. Nakuja kwa miguu."

Simu ilikatika. Juu ya ukuta kikachomoza kichwa cha Huseni.

"Vipi, mzee? Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amepona," alisema Leonardi. "Anarudi nyumbani."

"Alhamdulillahi! Mwanaheri! Loweka mchele, Mama Jenifa anarudi!"

Leonardi alibaki amesimama uwanjani na maji yakimtiririka mikononi, na kilichomtisha kuliko yote ni kwamba moyo wake, kabla haujaogopa, ulikuwa umefurahi.