Sufuria Isiyoonjwa

Siku inayofuata Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, nyumbani kwa akina Minal hakuna anayelala baada ya alfajiri. Mama huenda mapema hekaluni kupanga vyakula. Baba hufagia baraza. Minal, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, huoga, huvaa nguo safi na kuingia jikoni kumsaidia bibi yake, Bibi Kashi. Asiyeoga haruhusiwi kugusa hata kijiko, maana chakula cha asubuhi hiyo ni cha Krishna, Mungu wao.

Katika mji wao mdogo wa Gujarat, kila nyumba hupeleka chakula kimoja. Vyote hupangwa mbele ya Mungu mpaka vinakuwa kama kilima. Vikishatolewa sadaka, watu wote hugawiwa, na hiyo ndiyo baraka ya mwaka mpya. Bibi Kashi hupika maziwa mazito yenye mchele, sukari na iliki. Watu huyapangia foleni, na yeye bibi, tuseme ukweli, alikuwa na maringo kidogo juu ya sufuria yake.

Sharti ni moja tu. Mpishi haonji. Anayekula kwanza ni Mungu, na chakula kikionjwa, hata kwa ncha ya ulimi, tayari ni makombo. Nani atampelekea Mungu makombo?

"Hata harufu usiivute sana," kaka yake Minal, Dhruv, alimtania dada yake kutoka mlangoni. "Kwa pua hiyo, utamaliza sufuria nzima!"

"Toka hapa, mchafu wewe! Hujaoga!" Minal akamfukuza.

Bibi Kashi alimimina sukari, akakoroga. Kisha akapapasa rafuni, akachota konzi moja zaidi kutoka kwenye kopo, akaitia.

"Endelea kukoroga, mama, yasishike chini," alimwambia mjukuu wake. "Nakwenda kuchuma majani ya mrehani."

Minal akabaki peke yake. Iliki ilinukia jiko zima, naye hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana. Alitazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Akanyanyua upawa, akaupuliza, akaulamba, kisha akaurudisha kwenye sufuria.

Lo! Chumvi!

Alitazama rafuni. Kopo la chumvi lilikuwa wazi. Bibi alikuwa amekosea kopo.

 Minal akinyamaza, maziwa yale yatapelekwa kwa Krishna yakiwa makombo, tena ya chumvi. Kisha mji mzima utayanywa, na Bibi Kashi ataaibika mbele ya kila mtu. Akisema, wataanza kwa kumuuliza: wewe ulijuaje? Tangu azaliwe hajasikia mtoto aliyethubutu kula kabla ya Mungu.

Ndipo wazo likamjia. Akiimwaga, je? Sufuria huteleza. Atalia kidogo, atasema ilimponyoka, na hakuna atakayejua lolote. Akachukua kitambaa, akashika mishikio yote miwili.

"Minal! Unataka kuungua?" Bibi Kashi alikuwa mlangoni, majani mkononi.

Minal aliachia sufuria. 

"Bibi, usiyapeleke," alisema, machozi yakimtoka. "Nimeonja. Nimelamba upawa. Na... yana chumvi."

 Bibi alisogea kwenye jiko, akachukua upawa, akaonja mwenyewe, kwani sasa hapakuwa na la kuharibika. Uso ulimkunjamana.

"Chumvi kweli," alisema polepole. "Nani aliyetia?"

"Wewe, Bibi."

"Mimi? Miaka yote hii nipike mimi, nije nitie chumvi?" alifoka. Lakini alipoyageukia makopo mawili rafuni, aliyasogeza karibu na uso, akayageuza huku na huku, mwishowe akaketi kitini.

"Tangu masika naona kama kuna moshi," alisema. "Sikumwambia mtu. Nilijua mama yako atasema nipumzike, jiko walishike wengine. Sasa tazama."

Minal hakuwahi kumwona bibi yake akiwa mnyonge namna ile. Ilimuuma kuliko kugombezwa.

"Maziwa yamebaki kidogo," alisema. "Nikaoge tena, tupike mengine?"

"Tuoge sote wawili. Haraka! Na safari hii, makopo utanipa wewe."

Walipika sufuria ndogo. Ile kubwa alipewa ng'ombe wa jirani, naye hakulalamikia chumvi.

Walifika hekaluni wakihema. Kuhani, Mzee Labhshankar, alikuwa karibu kufunga pazia mbele ya Krishna.

"Kashi, leo sufuria imekuwa kikombe?" aliuliza, na wanawake wakacheka.

"Ya kwanza niliitia chumvi," Bibi akajibu bila kushusha sauti. "Macho yamenichoka. Mjukuu wangu aliionja, akaniambia."

Kicheko kikakatika. Mzee Labhshankar alimgeukia Minal. "Ulikula kabla ya Bwana?"

"Ndiyo, Mzee. Nilikosea."

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

 Mzee akaipokea sufuria ndogo, akaweka jani la mrehani juu yake, akaiingiza ndani. Siku hiyo kila mtu alipata kijiko kimoja tu cha maziwa ya Bibi Kashi. Dhruv alinung'unika mpaka jioni.

Mama aliposikia habari pale pale hekaluni, hakugombeza mtu. Alisema Jumatatu watampeleka Bibi hospitali ya macho, na Bibi hakubisha.

Kabla ya kuondoka hekaluni, Minal aliinama akagusa miguu ya bibi yake, kama wajukuu wote wafanyavyo mwaka mpya, ingawa hakuwa na hakika kama anastahili. Bibi Kashi alimwekea mkono kichwani.

"Kuonja ulikosea, na usirudie," alisema. "Lakini kosa la kulamba ni dogo kuliko la kuficha. Mimi nimeficha macho yangu miezi yote hii, na leo nilikuwa nimlishe Mungu chumvi. Ungenyamaza, ningeendelea kupika gizani. Mwenyezi Mungu akuzidishie ujasiri huo, mjukuu wangu. Na mimi anipe kidogo."