Aliyekatwa Pembeni mwa Picha

Beryl alikuwa Sirari, kwenye kibanda cha stesheneri, akitoa kopi za leseni za madereva wa malori, simu ilipoita. Ilikuwa ya Gladys, binti wa mama yake mdogo.

"Nyamera, dada yangu, njoo. Tivii inaikata harusi yangu."

Beryl alicheka, lakini moyo ulimchoma. Shuleni, mpaka wote wawili walipoachia kidato cha pili kwa kukosa ada, yeye ndiye aliyeongoza na Gladys ndiye aliyenakili madaftari yake. Kisha ikaja rashi ya dhahabu, kila mtu akakimbilia kuchimba. Orwa, kijana aliyekuwa akimtumia Beryl salamu, akapata mawe mazuri machimboni, akajenga nyumba, akaoa. Akamwoa Gladys.

Siku ya harusi Beryl alisema ana malaria. Alishinda kitandani kwao Susuni, amegeukia ukuta, amejifunga kanga ya kijani, akiwaza nani anakula nini.

Sasa alifika kwa Gladys, kwenye barabara ya machimboni, na uani alimkuta Felistas, mama mkwe wa Gladys, akichambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi mwenyewe ndiye huyu? Mwembamba kama waya wake!" Felistas alicheka peke yake, kisha akashusha sauti. "Tengeneza vizuri, binti yangu. Wageni wanakuja saa nane, na nataka kuiangalia harusi hiyo mtu mmoja mmoja. Tangu alishwe keki, chakula hakikai tumboni mwa huyu mtoto. Miezi mitano! Kuna mtu alimwangalia akila. Sihoho, jicho la wivu. Nikimwona tu, Tarime nzima itamjua. Hataolewa, na hakuna atakayekula mbele yake mpaka anazeeka."

Ndani, Gladys alikuwa ameegemea sofa la ngozi, bakuli la uji mbele yake. Pete aliizungushia uzi ili isidondoke kidoleni. Beryl aliliona sofa kwanza. Kidole alikiona baadaye.

Laptopu yenye video ilikuwa imepasuka kioo, giza tupu, kwa hiyo walitegemea tivii peke yake. Waya wa HDMI uliounganisha laptopu na tivii ulikuwa mzima. Tatizo ni kwamba picha ilikuwa kubwa kuliko kioo. Wasimamizi walikatwa vichwa, wageni wa pembeni walibaki nusu nusu, hata alama za chini za kompyuta hazikuonekana.

Beryl alibonyeza vitufe kwa kukumbuka tu, akafungua mipangilio. Kipimo cha picha kilikuwa 1366 kwa 768, cha laptopu. Akakipandisha hadi 1920 kwa 1080, cha tivii. Ukungu ukaondoka, nyuso zikakaa sawa. Lakini pembeni bado palikatwa.

"Basi ni tivii yenyewe," alisema. "Inaikuza picha bila kuambiwa."

Akachukua rimoti. Menyu, picha, ukubwa wa picha. Akashuka hadi chaguo la mwisho, lile la kuonyesha picha yote bila kukata kitu.

Picha ikarudi nyuma kidogo, kama mtu anayepisha njia.

Upande wa kushoto, mahali palipokuwa pamekatwa, alisimama msichana. Miguu peku. Kanga ya kijani. Wageni wote walikuwa wanapiga makofi, yeye hakupiga. Aliutazama mdomo wa bibi harusi, uliokuwa umefunguliwa kupokea keki.

Alikuwa Beryl.

Haraka akairudisha picha ilivyokuwa. Msichana akakatwa. Lakini sasa pindo la kanga lilibaki ndani ya kioo, na mwanzoni halikuwepo.

"Imekubali?" Felistas aliita kutoka uani.

"Bado, mama. Naona imegoma."

Neno lilitoka rahisi. Angeweza kuondoka zake. Gladys angeendelea kukonda, na siku moja sofa hili lingemngoja mtu mwingine. Wazo hilo halikumtisha. Kilichomtisha ni utamu wake.

"Haijagoma," Gladys alinong'ona.

Beryl hakugeuka.

"Nilikuona humo laptopu ikiwa bado nzima. Mama mkwe alikuwa anakuja kuangalia. Nikaiangusha sakafuni makusudi."

"Mimi sikuwepo, Gladys. Haki ya Mungu."

"Najua. Mama mkubwa aliniambia siku ile alikugusa kitandani ukiwa wa baridi, akakuita hukuitika." Gladys alivuta bakuli. "Leo mama alitaka kuleta fundi kutoka mjini. Nikasema aje Beryl. Iweke yote."

Beryl alibonyeza. Video ilikuwa imesimamishwa pale pale, kwenye keki. Msichana alikuwa amesogea hatua moja.

"Sasa niangalie nikila," Gladys alisema. "Halafu niruhusu nile, kwa mdomo wako."

Akanywa kijiko kimoja.

"Kula, nyamera," Beryl alisema. Msichana hakutikisika.

"Kula. Ni chako."

Msichana akapiga hatua. Mbele.

"Unadanganya." Uji ulikuwa unamtoka Gladys mdomoni. Kijiko kiligonga bakuli. Nje, Felistas alikuwa ameanza kusalimiana na wageni.

Msichana alikuwa ameifikia meza ya keki.

"Nilivitaka," Beryl alisema. "Sofa. Pete. Orwa. Nilitaka keki ikukwame." Machozi yalimtoka. "Mpaka sasa navitaka. Lakini kula. Sitaki ufe. Kula, Gladys."

Msichana aligeuza kichwa. Polepole. Akamtazama Beryl kutoka ndani ya kioo. Kisha akatembea, akatoka kwenye picha kwa upande wa kushoto.

Upande huo ndio aliosimama Beryl.

Gladys akameza. Akangoja. Akameza tena. Akalifuta bakuli kwa kidole.

Saa nane Felistas alikagua picha nzima, mgeni kwa mgeni, asimwone wa kumshika. Gladys aliomba wali mara ya pili, watu wakapiga vigelegele. Beryl aliaga bila kula.

Wiki mbili baadaye, mchana, Beryl alikwenda kwa Okech, mpiga picha wa Sirari, kupiga picha za paspoti za kuombea kazi.

"Niangalie mimi," Okech alisema.

"Si nakuangalia?"

Picha nne zilitoka kwenye mashine. Okech hakuzikata. Uso ulikuwa umenyooka mbele, lakini macho yalikuwa yamekwenda kando kabisa, yamebaki meupe. Akampiga tena. Nne nyingine, macho kule kule.

"Dada, unamwangalia nani?" Okech alinong'ona.

Beryl aligeuka. Upande ule palikuwa na ukuta tu. Nyuma ya ukuta ni barabara ya machimboni, ile ya kwa Gladys, na saa hiyo watu walikuwa wanakula.

Katika picha ya mwisho, mdomo wake ulikuwa unatafuna.