Spika Ndefu za Parsaoti

—Whitney, zile spika ndefu ulimuuzia nani?

—Si Parsaoti wako! Kwani hujui?

Waceke hakujua, na hapo ndipo moyo ulipowaka. Yeye ni fundi wa spika, Kitengela nzima inamjua, hata makanisa humwita vyombo vikigoma. Leo mchumba wake, bado wiki tatu waoane, ananunua spika kwa mtu mwingine kimya kimya!

—Alisema ni za wapi?

—Za sebuleni. Alitaka za kusimama sakafuni, zikae karibu na ukuta kabisa. Nilimwambia asongeze kidogo, akakataa. Ati kwingine kuna kitu kitakaa.

—Kitu ama mtu?

Whitney akacheka kicheko cha mtu aliyeapishwa asiseme.

Miezi miwili Waceke alikuwa akimuuliza Parsaoti swali moja: "Nikiolewa, kazi yangu itaendelea?" Na jibu lilikuwa lile lile: "Tutaona." Wanaume, neno hili litawamaliza. Mwanamke akiambiwa tutaona, yeye husikia hapana.

Akamtumia Parsaoti ujumbe: "Umenunua spika bila mimi. Kazi yangu pia umeamua bila mimi? Basi harusi nayo tutaona."

Simu ikalia papo hapo. Nyuma ya sauti ya Parsaoti ng'ombe walikuwa wakilia.

—Waceke, usiseme hivyo! Niko soko Kajiado, nakuja saa hii.

—Utanipata kwa gate yako.

Alifika amejaa vumbi, fimbo yake ya kuswagia ng'ombe kwapani.

—Rangi imekauka? Waceke akauliza. Wiki tatu unanikataza kuingia, ati rangi!

Parsaoti akatoa ufunguo. Alifungua mlango, na spika hizo hapo, mbili, zinafika kiunoni, migongo imegusa ukuta. Chini ya dirisha kulikuwa na kitu kikubwa kimefunikwa shuka nyekundu. Ili kutuliza mambo, akawasha muziki. Vioo vikatetemeka. Mwimbaji hakusikika neno hata moja.

—Zima! Waceke akapiga kelele, ufundi ukishinda hasira. Hiyo ni muziki ama trakta? Hii spika iko na tundu nyuma, besi inatokea hapo. Ukiibandika kwa ukuta, besi inavimba inameza maneno yote. Hapa ulifaa kununua ya tundu mbele.

—Sikujua.

—Si ungeniuliza!

—Ningekuuliza, ungejua.

—Ningejua nini? Songeza basi, futi mbili tu. Toa hii takataka umefunika, nafasi iko!

—Hiyo haitoki, Parsaoti akasema, na kwa mara ya kwanza alionekana amekasirika. Hiyo ndio sababu spika ziko kwa ukuta.

Akavuta shuka.

Ilikuwa meza ya fundi. Mbao nzito, taa ya kukunja, soketi nne, misumari ya kutundikia bisibisi kwa safu. Waceke akaegemeza viwiko juu yake bila kufikiri. Vilitua sawasawa, wala hakuinama.

—Urefu ulijuaje?

Parsaoti akamwonyesha fimbo. Katikati palikuwa na alama ya kisu.

—Ile siku nilisimama kando yako kwa duka lako. Ukiwa unaunganisha waya. Niliweka alama kwa kiwiko chako.

Waceke aliikumbuka siku hiyo. Alidhani ni maringo tu ya kuegemea fimbo mbele ya wateja.

—Na kila siku unaniambia tutaona!

—Fundi wa mbao alinizungusha. Niliogopa kukuahidi kitu sina. Nisamehe, Waceke. Sitaki uache kazi. Mimi nilikupenda ukiwa na bisibisi mkononi.

Machozi yakamtoka, akayafuta kwa aproni yenye mafuta, uso ukachafuka wote. Furaha ilimjaa. Kisha akanyoosha mkono.

—Toa soksi.

—Nini?

—Toa zote mbili, haraka!

Waceke akazikunja, akaziba nazo tundu la spika moja, kisha la pili. Muziki ulipowashwa tena besi ilikuwa imetulia na maneno yanasikika.

—Soksi ni za leo tu. Kesho tunarudisha hizi spika kwa Whitney, na mimi ndio nachagua.

—Ashe oleng, asante sana, mama wa spika.

—Ashe nawe. Na uoshe hizo soksi!

Simu ya Parsaoti ikalia mfukoni. Ujumbe ulitoka kwa mwanamke aliyekuwa hatua mbili mbele yake, amempa mgongo, tayari anatundika bisibisi yake kwenye msumari wa kwanza.

"Harusi iko. Meza isisongezwe."