Kisima cha Ndinda

Jua lilikuwa linazama Tseikuru, mwaka ule wa ukame wa 1984, Njogu alipochukua debe kwenda mtoni kutafuta maji ya rejeta ya lori lake. Alikuwa amekuja kununua mbuzi. Nzilani, mama Kiilu, alikuwa amempokea kwake, akampikia, akamweleza mambo ya kisima kama anavyoelezwa mtoto: piga magoti, omba kwa jina la Ndinda aliyekichimba, teka kwa kibuyu, kisha funika kwa miiba. Mto mzima ulikuwa mchanga mtupu. Kisima hicho tu, kilichochimbwa humo mchangani, ndicho kilichobaki na maji.

Alirudi upesi mno, debe lake la oili likichuruzika.

"Umetumbukiza hiyo debe ndani?" Nzilani aliuliza.

"Mama Kiilu, maji ni ya Mungu. Nani ataongea na shimo?"

"Na umefunika?"

Njogu akacheka. Hasira zilimpanda Nzilani. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa, lakini kuheshimu desturi za wenyewe hakuhitaji ubatizo. Mtu anakula chakula chako, kisha anakutemea mate kwenye chungu!

"Rudisha hiyo maji. Sasa hivi!"

Njogu akayamimina kwenye rejeta.

Ndipo ikaja harufu. Udongo mbichi... kama wa kaburi lililochimbwa leo.

Chap.

Chap.

Nyayo za maji zilikuwa zinajichora uani, kutoka upande wa mto. Nyayo ndogo, za mwanamke mzee, mguu wa kushoto ukiburutwa. Nzilani aliujua mguu ule. Alikuwa amemzika Ndinda, mama mkwe wake, miaka sita iliyopita.

Zilimpita. Zikafika kwenye mlango wa lori, zikaishia hapo.

"Njogu... usipande," alinong'ona.

Njogu alibamiza mlango, akaondoka na vumbi lake.

Kesho yake lori lilipatikana njiani, milango imefungwa kwa ndani, rejeta imejaa mchanga. Njogu hakuwemo. Kisima nacho kilikuwa kimekauka kabisa. Nzilani akawa anatembea nusu siku kutafuta maji ya watoto, akimlaani mgeni yule kila hatua.

Hata hivyo, jioni moja alikwenda kukifunika. Alipoinama na tawi la miiba, sauti ya mwanamume ilitoka chini ya mchanga mkavu.

"Mama Kiilu... naomba. Sasa naomba."

Nzilani akaliweka tawi lile juu ya shimo.

Kisha akaenda kukata tawi la pili.