Upenyo Kati ya Milango Miwili

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo, binti aitwaye Macho Manne huingia katika banda la nyuma kumsaidia baba yake, fundi seremala. Jina hilo alibandikwa na kaka yake kwa sababu ya miwani. Safari hii baba alimwachia kukata milango miwili ya plaiwudi ya kabati la muuguzi jirani. Ikinyooka, alimwahidi, msumeno mdogo utakuwa wake.

Lakini milango ilipofungwa, ilikutana juu na chini tu. Katikati palibaki upenyo wa kupitisha kidole. Macho Manne alikuwa amekata kwa kufuata ubao wa kunyooshea, bila haraka. Hapa pana mkono wa mtu, aliwaza.

Na mtu mwenyewe alimjua. Nani alicheka baba alipomkabidhi kazi? Kaka. Nani alinyatia bandani mchana, akatoka ameficha mkono nyuma? Kaka huyohuyo. Dalili ya mvua ni mawingu, alijiambia, akaenda kumshtaki kwa baba.

Baba aliwaita wote wawili bandani. Aliulaza ubao wa kunyooshea juu ya kipande cha plaiwudi, akachora mstari. Kisha akaupindua kifudifudi, ukingo uleule penye mstari uleule, akachora tena. Mistari ilikutana nchani. Katikati iliachana kama mdomo wazi.

"Ubao wenyewe umepinda," alisema. "Nani aliutumia mara ya mwisho kabla ya leo?"

Macho Manne aliutazama ubao. Alikumbuka kamba ya nguo iliyolegea, ubao alioutegemezea, na mvua iliyounyeshea usiku kucha. Hakuna aliyemwona. Akamtazama kaka yake. Mkononi kaka alishika msasa, vumbi la plaiwudi limemjaa vidoleni. Kumbe aliiona kasoro mapema, akawa anasugua ncha za milango zilizogusana, kwa siri, ili dada yake asigombezwe. Macho Manne aliona aibu kweli.

"Ni mimi, baba," alisema. "Niliutegemezea kamba ya nguo, nikausahau mvuani. Kaka, nisamehe."

"Yamekwisha," kaka alijibu. "Ila macho yote manne, na ubao hukuuona?"

Walikata ubao mpya kwenye ukingo ulionyooshwa kiwandani wa plaiwudi nyingine, wakaujaribu kwa kuupindua, na mistari ikalaliana. Milango ikakatwa upya. Kibao chembamba kikaziba mahali palipopungua upana.

"Mwanangu," baba alisema, "kazi ikipinda, kagua kwanza kifaa chako, kisha mkono wako, ndipo umtazame mwenzio. Ungeweza kunyamaza leo, hukunyamaza. Msumeno ni wako."

Macho Manne aliupokea kwa mikono miwili. Lakini kabla ya kuujaribu, aliutundika ubao mpya ukutani, mbali na kamba ya nguo.