Mpishi Hashibi kwa Kuonja

Fundi seremala alikuwa na binti wa miaka kumi na mitano. Nyumbani walimwita Mpishi Mkuu. Kila jioni alipika, akapakua, akawagawia wote. Bibi alipata nyama laini. Baba alipata sahani iliyojaa. Kisha binti alirudi jikoni kusugua masufuria.

"Na wewe je?" mama aliuliza.

"Nimeonja mpaka nimeshiba, mama."

Baba alicheka. "Mwacheni! Mpishi hushiba kwa kuonja!"

Msemo ukawa wa nyumba nzima. Loh, uliwafumba macho kweli!

Jioni moja jirani yao, muuguzi, alikuja kuchukua kiti alichotengenezewa na fundi. Akakaribishwa chakula. Joto lilikuwa kali, kila mtu alijifuta jasho. Binti alivaa sweta. Alipompa muuguzi sahani, vidole vyake vilikuwa baridi.

"Kaa tule, mwanangu."

"Nimeshakula, shangazi." Akakimbilia jikoni.

Muuguzi alishusha sauti. "Leo nani amemwona huyu mtoto akila?"

Mama alimgeukia bibi. "Si alikula nawe mchana?"

"Nami? Mimi nilijua amekula shuleni!"

Baba alifungua mdomo alete msemo wake. Badala yake akasukuma sahani yake kando.

Hakuna aliyejua, hata habari ya jana. Mama akaweka kijiko chini. "Juzi alipata kizunguzungu. Nywele zinakatika. Hedhi imekoma miezi kadhaa sasa. Nikadhani ni uchovu wa masomo."

"Anadeka tu!" baba alisema. "Atakula mbele yangu, apende asipende!"

"Taratibu, fundi. Huyu si ubao, hapigwi randa. Hadeki. Huu ni ugonjwa. Amekonda, lakini mwenye ugonjwa huu hujiona mnene, na chakula hukiogopa. Huwapata wasichana, na wavulana pia. Wengine hula sana, kisha hujitapisha kwa siri. Ukiachwa, moyo hudhoofika, na mtoto anaweza kufa."

Bibi alishika kifua. "Yarabi! Tufanyeje?"

"Unatibika, tena vizuri. Msimgombeze. Msimtanie mwili wake. Mwambieni mnachokiona, kisha kesho asubuhi hospitali. Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Mama alimfuata binti jikoni. "Mwanangu, sikuoni ukila. Naogopa kukupoteza."

Binti aliangusha sufuria, akalia. "Nikila najichukia, mama. Najaribu, nashindwa."

"Basi hutajaribu tena peke yako."

Hospitalini, daktari alimpima moyo na damu. Mshauri alizungumza naye kila wiki, na wazazi nao wakafundishwa. Daktari aliagiza binti apumzike kupika, na kila mlo ale pamoja na mtu. Haikuwa rahisi. Siku nyingine sahani ilirudi imejaa, na mama alijifungia chumbani akalia. Kesho yake wakaanza upya. Haba na haba, binti akapata nguvu.

Jikoni sasa alikuwa baba, na randa alijua kuishika kuliko mwiko. Jioni moja alikaanga mayai, akawagawia wote, kisha akageuka kurudi jikoni.

"Wapi, baba?" binti aliuliza. Hakuwa na sweta.

"Nyie kuleni tu. Mimi nimeonja."

Binti alimvutia kiti. "Kaa hapa. Mpishi hashibi kwa kuonja."

Kisha akachukua kijiko, akala. "Na mayai yako yameungua," akaongeza, akala tena.

Baba alikaa. Alikuwa anacheka, analia na kutafuna, vyote kwa pamoja.